Mzazi hasikii harufu tena: mwongozo wa familia, kuanzia jikoni hadi hospitali ya KCMC

Wengi huligundua Desemba. Watoto wametoka Dar, Mwanza na Nairobi, wamepanda hadi Kibosho au Machame, Kilimanjaro, mama amepika mtori kama kila mwaka, na wa kwanza kuonja anamtazama mwenzake. Chumvi imezidi. Maziwa yaliyotiwa kwenye chai yameshachacha, na aliyeyachemsha hakushtuka. Maharage yanaungua, moshi unafika sebuleni, na mwenye jiko ameketi karibu kabisa na mlango wa jikoni akisimulia habari za jirani. Mtu anasema "ni uzee tu," sherehe inaendelea, na Januari kila mmoja anarudi kazini kwake.

Mwongozo huu ni wa familia inayotaka kujua la kufanya kati ya siku hiyo na siku ya kumwona daktari. Msimamo wangu niuseme mapema. Mtu kutosikia harufu hakumaanishi ana demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ila ni sababu tosha ya kumchunguza. Uchunguzi wenyewe una mpangilio: pua kwanza, dawa anazotumia zifuate, kumbukumbu mwisho. Familia nyingi huupindua. Wapo wanaokimbilia hofu ya ubongo kabla hata ya kuangalia kama pua imeziba, na wapo wanaosubiri mpaka mzee apotee njia ya kwenda kanisani ndipo waamke.

Kwa nini pua ihusiane na kumbukumbu

Juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, kuna utando mdogo wenye seli za neva zinazopokea harufu. Nyuzi za seli hizo hupenya vitundu vya mfupa mwembamba na kuingia moja kwa moja kwenye sehemu ya ubongo iitwayo balbu ya kunusia. Kutoka hapo taarifa huenda kwenye maeneo yanayopakana na yale yanayoandika kumbukumbu mpya. Mwaka 1991 Heiko Braak na Eva Braak, watafiti wa Ujerumani, walieleza jinsi uharibifu wa ugonjwa wa Alzheimer, aina ya demensia inayoonekana zaidi, unavyosambaa kwa hatua. Eneo linaloanza kuharibika liko papo hapo, ambapo njia ya harufu na njia ya kumbukumbu hukutana. Ndiyo maana harufu inaweza kuondoka miaka kadhaa kabla mtu hajaanza kuuliza swali moja mara nne.

Ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na mwendo kuwa mzito, nao huanza hivyo. Wagonjwa wake walio wengi mno, takriban tisa kati ya kumi, wamepungukiwa uwezo wa kunusa, na mara nyingi upungufu huo hutangulia kutetemeka. Demensia ya miili ya Lewy, ambayo ni ndugu wa karibu wa Parkinson, iko kwenye kundi hilohilo.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa matokeo ya watu karibu 3,000 wenye umri wa miaka 57 hadi 85, waliopewa harufu tano za kutambua: pereminti, samaki, chungwa, waridi na ngozi. Waliotambua chini ya nne kati ya hizo tano walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kuwa na demensia miaka mitano baadaye. Matokeo hayo ni mazito. Yasomwe hata hivyo pamoja na haya mengine: mwaka 1984 Richard Doty na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye miaka 65 hadi 80 wamepungukiwa uwezo wa kunusa, na kwa waliozidi miaka 80 ni zaidi ya robo tatu. Bibi wa miaka 84 asiyesikia harufu ya karafuu yuko pamoja na wenzake wengi ambao akili zao ziko timamu kabisa.

Hatua ya kwanza: pata historia yenyewe

Usianze na mzee. Anza na anayeishi naye, iwe ni mjukuu, dada wa kazi au mke wa kaka aliyejenga jirani, kwa sababu watu wengi waliopoteza uwezo wa kunusa polepole hawajui kwamba wameupoteza. Yeye mwenyewe atakuambia chakula cha siku hizi hakina ladha, au mchele wa sasa si kama ule wa zamani. Ulimi wenyewe huonja vitu vichache tu, kama utamu, chumvi, uchachu na uchungu. Mengine yote tunayoyaita ladha ya mtori au ya kahawa hupandia puani. Kwa hiyo mzee anayelalamikia ladha huenda tatizo lake liko kwenye harufu. Akianza kuongeza chumvi kufidia, presha nayo inapanda.

Kisha uliza tatizo lilianza lini na kwa namna gani. Harufu iliyopotea ghafla baada ya mafua makali au UVIKO-19 huenda chanzo chake ni virusi. Iliyopotea baada ya kuanguka na bodaboda au kudondoka mtini huenda nyuzi zile zilikatika pale kwenye mfupa. Inayokuja na kuondoka, leo ipo na kesho haipo, mara nyingi inatokana na pua iliyoziba. Iliyofifia taratibu kwa miaka, pande zote mbili, bila mwenyewe kugundua, hiyo ndiyo inayostahili kufuatwa hadi mwisho.

Usisahau ugoro. Watoto wa mjini huwa hawaulizi, lakini milimani na kwa ndugu zetu Wamaasai na Wameru wapo wazee wanaonusa ugoro tangu ujana wao, na utando wa pua umelipa gharama. Uliza pia kuhusu sigara, miaka ya kupikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, na kazi za dawa za kunyunyizia kahawa.

Hatua ya pili: pua yenyewe

Kiangazi cha Arusha kina vumbi, na mzio wa pua ni jambo la kila siku. Kabla ya kufikiri mengine, angalia kama mzee anapumua vizuri kwa kila tundu: ziba moja, avute hewa kwa jingine, kisha badilisha. Anakoroma sana kuliko zamani? Kamasi nzito inashuka kooni? Uso unauma akiinama? Hizo ni dalili za sinusi, mzio au vinyama vya pua, na baadhi ya wanaotibiwa hurudishiwa harufu.

Nyumbani unaweza kusafisha pua kwa maji ya chumvi, robo hadi nusu kijiko cha chai kwenye robo lita ya maji. Maji hayo lazima yawe yamechemshwa na kupoa. Usitumie ya bomba wala ya mfereji, hata kama tangu zamani mnayanywa bila shida. Matone ya kuzibua pua yanayouzwa duka la dawa yasizidi siku tatu hadi tano, kwani yakizidi pua huziba upya na kwa ukali zaidi. Hali isipobadilika baada ya wiki chache, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo aangalie ndani. Huyo ndiye mtaalamu wa kwanza kumwona, kabla ya daktari wa neva.

Hatua ya tatu: jaribio la harufu, kwa vitu anavyovijua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu.

Vipimo rasmi vipo. Kinachojulikana zaidi ni cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, chenye harufu 40 za kukwangua na kunusa, na kingine ni cha kalamu za harufu kilichotengenezwa Ujerumani. Ni vipimo vizuri kwa watu waliotengenezewa. Lakini kile cha Pennsylvania kina harufu ya keki ya boga ya Kimarekani na ya soda ambayo mzee wa Old Moshi hajawahi kuiona maishani. Akishindwa kuitaja, umepima jiografia, hujapima ubongo. Kutambua harufu kunahitaji mambo mawili: pua iipokee, na kichwa kiwe kiliwahi kuihifadhi pamoja na jina lake. Kwa hiyo chagua vitu vilivyopita mikononi mwake kwa miaka hamsini.

Kwa Kilimanjaro na Arusha ningechukua hivi: kahawa iliyokaangwa na kusagwa, ganda la chungwa lililochubuliwa muda huohuo, karafuu, ndizi mbivu iliyopondwa, dagaa wakavu, sabuni ya mche na mchaichai. Kama alikuwa akipika mbege, pombe ya ndizi, weka kimea cha ulezi. Kama amefuga, weka siagi au maziwa ya mgando. Vitu sita vinatosha.

Acha dawa ya kuchua yenye menthol, pilipili, kitunguu kibichi, spiriti na amonia. Vitu hivi huwasha neva nyingine ya uso, ile inayohisi muwasho na ubaridi. Mtu ambaye hasikii harufu yoyote bado ataruka ukimwekea menthol puani, nawe utarudi mjini ukiwaambia ndugu zako kwamba mama ananusa vizuri.

Siku ya jaribio asiwe na mafua. Asiwe amekula, amevuta sigara wala kunusa ugoro kwa saa nzima. Fanyia sebuleni au barazani, mbali na jiko. Weka kila kitu kwenye kikopo kidogo kisichoonyesha kilichomo, funika kwa kipande cha pamba au kitambaa safi, na acha kikopo kimoja kitupu.

Namna ya kumwambia ina uzito kuliko vikopo vyenyewe. Mzazi hapimwi na mwanawe kama mtoto wa shule. Keti naye baada ya salamu zote, kisha sema wazi, "Mama, naomba unisaidie. Nimeona siku hizi chakula hukifurahii, nataka tujue kama ni pua." Wajukuu wakishiriki pia, kila mmoja kwa zamu yake, inakuwa shughuli ya nyumba nzima, na wewe unapata watu wa kulinganisha. Kama ana dada au shemeji wa rika lake jirani, mwombe naye ashiriki, maana kijana wa miaka ishirini si kipimo cha haki.

Afumbe macho. Sogeza kikopo hadi upana wa vidole viwili kutoka puani, anuse kwa sekunde tatu au nne, kisha kiondoe. Swali la kwanza: "Unasikia harufu yoyote?" Swali la pili: "Ni ya nini?" Akisita, mpe majina manne achague, mojawapo likiwa la kweli. Ataje kwa lugha yoyote, Kichagga cha kwao Rombo, Kimeru, Kimaasai au Kiswahili. Pumzika nusu dakika kabla ya kikopo kinachofuata, kwa sababu pua huchoka. Kile kitupu kiweke katikati bila kusema. Anayetaja harufu kwenye kikopo kitupu ama anabahatisha ama ananusa kitu kisichokuwepo, na yote mawili yaandikwe.

Andika majibu ya maswali hayo mawili kwenye safu mbili tofauti. Asiyesikia harufu yoyote, hata ya dagaa, yaelekea tatizo lake liko puani au kwenye neva ya kunusia. Anayesikia vizuri lakini anaita kahawa sabuni na kuita chungwa samaki, hata akiwa na majina manne mbele yake, ananitia wasiwasi zaidi upande wa ubongo. Mpaka kati ya makundi haya hauko wazi kiasi hicho, na magonjwa haya huweza kugusa yote mawili, lakini daktari atafurahi kuona umevitenganisha.

Kukosa kimoja kati ya sita hakuna maana. Akikosa vingi, rudia baada ya mwezi, siku ambayo pua iko wazi. Matokeo yakiwa yaleyale, endelea na hatua zinazofuata.

Kuna kipimo kimoja kinachozunguka kwenye simu kila mwaka: siagi ya karanga na rula, unapima tundu la kushoto na la kulia, tofauti ikiwepo basi ni Alzheimer. Kilitoka kwenye utafiti mdogo wa Florida wa mwaka 2013. Mwaka uliofuata Doty na wenzake walijaribu kukirudia na hawakupata tofauti hiyo. Karanga zenu kuleni.

Hatua ya nne: mfuko wa dawa

Mwombe mzee akuonyeshe dawa zote, pamoja na zile za kwenye mkebe chini ya kitanda na zile alizopewa na jirani. Dawa kadhaa hupunguza harufu au ladha, na nyingine huvuruga kumbukumbu kiasi cha kufanana kabisa na demensia. Piriton inayonywewa kila usiku kwa ajili ya mafua au usingizi ni mfano wa karibu. Amitriptilini kwa ajili ya maumivu ya miguu ni mfano mwingine. Metformini ya kisukari ikitumika kwa miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na upungufu wa B12 huleta usahaulifu na ganzi ya miguu. Usiisimamishe dawa yoyote mwenyewe. Iandike jina, kipimo na tangu lini, ukaiulizie.

Na pombe ihesabiwe. Mzee anayekunywa mbege au konyagi kila jioni hawezi kupimwa kumbukumbu akiwa kwenye hali hiyo.

Hatua ya tano: kumbukumbu na maisha ya kila siku

Usimuulize rais wa Marekani ni nani. Usimpe karatasi achore saa kama hakusoma shule. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa kwa watu waliosoma, na mzee mwerevu asiye na darasa huangushwa navyo bila kosa lake.

Hili Kilimanjaro inalijua kuliko sehemu nyingi za Afrika. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai kwa watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na kutolewa mwaka 2013, ulikadiria kwamba takriban 6.4% kati yao wana demensia. Hukohuko Hai kikatengenezwa kipimo kifupi kwa watu wasiosoma, kiitwacho IDEA. Ndani yake mzee huulizwa mambo ya mazingira yake, kama siku ya leo na jina la kiongozi wa kijiji, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka maneno aliyosomewa, na hupanga njiti za kiberiti kwa mfano aliowekewa. Kimefanywa ili mhudumu wa afya wa kawaida aweze kukitumia. Ukifika hospitali, kiulizie kwa jina.

Kazi ya familia ni kutazama maisha. Linganisha mzee na yeye mwenyewe wa miaka mitatu iliyopita, usimlinganishe na jirani. Je, anauliza jambo lilelile ndani ya saa moja? Amepotea kwenye njia ya kihamba chake, shamba la ukoo alilolizoea? Hesabu za kikundi cha kina mama alizokuwa akizishika kichwani sasa zinamtatiza? Namba ya siri ya simu ameibadilisha mara ngapi? Mpishi wa mbege anayesahau kama ameshatia msesewe, lile gome chungu la kutia kwenye pombe, au bado, wakati amefanya kazi hiyo tangu ujana, hiyo ni dalili yenye maana kuliko kusahau jina la mjukuu wa kumi na mbili.

Tazama na mambo ambayo watu hawayahusishi na kumbukumbu. Anatembea kwa hatua fupi, mkono mmoja hauchezi? Anapiga kelele na kurusha mateke usingizini? Amekuwa na choo kigumu kwa miaka? Hizo zikiungana na kupotea kwa harufu, Parkinson iwe kwenye orodha. Wilaya ileile ya Hai watafiti walipopita nyumba kwa nyumba waliona kwamba wagonjwa wengi wa Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote wana ugonjwa gani.

Na kama anaona watoto wadogo au watu wamekaa sebuleni ambao wengine hamwaoni, usiite kikao cha ukoo kuzungumzia mizimu wala kumtafuta aliyemroga. Kuona vitu hivyo ni dalili inayojulikana ya demensia ya miili ya Lewy. Mwambie daktari kwa maneno hayohayo, na mapema, kwa sababu wagonjwa hawa wakipewa dawa za kutuliza kama haloperidoli wanaweza kudhurika vibaya, hata kufa.

Hatua ya sita: hospitali

Anza kituo cha afya kilicho karibu ili upate barua ya rufaa. Kwa Moshi, inayofuata ni Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha KCMC, ambayo imekuwa ikihudumia kanda ya kaskazini tangu 1971. Kwa Arusha ni Mount Meru, na wengine huenda hospitali za makanisa. Wa Hai waanzie hospitali ya wilaya pale Bomang'ombe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilielekeza kwamba mzee aliyefikisha miaka 60 na asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Nenda na kitambulisho chake cha mzee na uulize dirisha la wazee mara unapoingia, usisubiri mpaka umeshapanga foleni ya watu wote.

Beba daftari la majaribio ya harufu, orodha ya dawa, na mtu anayeishi na mzee. Huyu wa tatu ndiye anayesahaulika. Mtoto aliyetoka Dar wiki iliyopita hajui mzee hulala saa ngapi.

Mwombe daktari, kwa adabu lakini bila kuona aibu, apime vitu vinavyotibika kwanza: sukari, presha, wingi wa damu, figo na chumvi za mwilini, tezi ya thairoidi, vitamini B12, VVU na kaswende. Kaswende kwa bibi wa miaka 75 inachekesha watu, lakini ya zamani isiyotibiwa hufika kwenye ubongo. Kama aliwahi kuanguka miezi ya karibuni, uliza kuhusu picha ya CT ya kichwa, kwani damu inayovuja taratibu chini ya fuvu huleta usahaulifu, na huondolewa. Sononeko nalo lipimwe. Mjane aliyezika mume mwaka jana, halili, halali, hataki kuongea, anaweza kuonekana amepoteza kumbukumbu kumbe moyo ndio umeelemewa.

Mkanganyiko ulioanza ghafla, ndani ya siku moja au mbili, hausubiri rufaa wala kikao. Unaweza kuwa maambukizi ya mkojo, nimonia, sukari kushuka au kiharusi. Huo ni wa siku hiyohiyo.

Hatua ya saba: nyumba iwe salama kuanzia leo

Hii haihitaji majibu ya daktari. Asiyesikia harufu hajui mtungi wa gesi unavuja. Gesi yenyewe haina harufu, ile inayonuka hutiwa kiwandani makusudi ili watu washtuke, na kwake haimsaidii. Zima mtungi kwenye koki yake kila baada ya kupika, kagua mpira kwa povu la sabuni, na mtungi ukae mahali penye hewa. Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba cha kulala hata kama baridi ya Julai imezidi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu kwa mtu yeyote, mzima au mgonjwa.

Maziwa na mboga zilizobaki zipewe siku: kipande cha karatasi na tarehe, au utaratibu kwamba kilichopikwa jana jioni hakivuki mchana wa leo. Mafuta ya taa na dawa za kahawa zisikae kwenye chupa za maji au soda. Kuhusu usafi wa mwili na nguo zilizoloa mkojo, mzee hajui kwamba ananuka, kwa hiyo kumwambia mbele ya watu ni kumdhalilisha bure. Panga siku za kuoga na kufua ziwe ratiba ya nyumba.

Ladha unaweza kuisaidia kwa tangawizi, limau, pilipili manga na chakula chenye kutafunika, badala ya chumvi.

Kuizoeza pua

Kwa waliopoteza harufu kutokana na virusi au ajali, mazoezi ya kunusa yana faida. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliwapa watu harufu nne, waridi, limau, karafuu na mkaratusi, wanuse asubuhi na jioni kwa wiki 12, na kundi lililofanya hivyo lilipata nafuu kuliko lisilofanya. Mikaratusi imejaa barabarani, karafuu ziko sokoni Kiboriloni, limau lipo shambani. Kila harufu sekunde kumi hivi, kwa utulivu, akijaribu kukumbuka kitu hicho kilivyokuwa. Kwa mwenye demensia usitarajie kuwa itazuia ugonjwa, ingawa haina madhara na wazee wengine huifurahia.

Kinachopunguza hatari ya demensia kwa ushahidi mkubwa zaidi ni mambo yasiyovutia kusimulia. Ripoti ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14, yakiwemo presha, kisukari, lehemu, usikivu na uoni uliopungua bila kusaidiwa, sigara, pombe nyingi, majeraha ya kichwa, upweke na hewa chafu, na ikakadiria kwamba karibu 45% ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa yakishughulikiwa yote. Kwa mzee wako hii maana yake ni dawa ya presha kila siku, miwani, masikio kusafishwa na kupimwa, na kupelekwa jumuiyani hata kama anasema amechoka.

Demensia ikithibitishwa

Dawa zilizopo hazirudishi kilichopotea. Yapo mazoezi ya vikundi ya kuchangamsha akili, vikao 14 vya mazungumzo, nyimbo, mafumbo na kazi za mikono, ambayo yalibadilishwa yaendane na mazingira yetu na kujaribiwa hukohuko Hai kwa matokeo mazuri. Kanisa au msikiti wenye chumba na mtu mvumilivu unaweza kuwa na vikao vya namna hiyo.

Manufaa makubwa ya kujua mapema ni muda. Mzee bado anaweza kusema mwenyewe kihamba kiende kwa nani, akiba iko wapi, anamdai nani. Wosia unahitaji mtu mwenye akili timamu wakati wa kuuandika. Ukiandikwa miaka mitatu baadaye, kaka zako watakuja kuubishania mahakamani. Ofisi za RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandika na kutunza wosia, na mwanasheria wa mjini anaweza pia. Mwombe daktari barua inayoeleza uwezo wake wa kufanya maamuzi kwa tarehe hiyo, iambatane na karatasi hizo. Watoto wote waarifiwe siku moja, wakiwemo walioko nje, na mzee awepo kwenye mazungumzo, aongee kwanza.

Mpangilio wa kumtunza upangwe wakati huohuo: nani analala naye, nani anatuma hela tarehe ngapi, nani anampeleka kliniki. Dada wa kazi anayebaki na mzee mlimani aongezewe mshahara, afundishwe kuzima mtungi wa gesi na kutambua mkanganyiko wa ghafla, apewe siku ya mapumziko kila wiki, na namba mbili za simu zibandikwe ukutani: ya mmoja wenu anayepokea usiku, na ya dereva wa bodaboda au teksi anayeijua njia hadi mlangoni.